Shingo ya Filimbi

9 Februari

Kwa mpwa wangu, Profesa wa Wadudu Wasioonekana,

Pokea salamu za kila mwenye pumzi katika nyumba hii. Mama yako hajambo, ni goti tu linalomsumbua, na ukimuuliza habari zake atakueleza goti hilo mpaka nawe uanze kuchechemea. Mke wangu naye hajambo. Siku hizi anakaa kwenye kochi la kijani ambalo halikupaswa kuwa letu. Lilikuja mnadani pamoja na vitu vya mwanasheria aliyefilisika. Nikalinadi, bei ikapanda vizuri, nikagonga nyundo mara ya kwanza, nikagonga ya pili, halafu nikamwona mke wangu kule nyuma kajishika kiuno. Nikaiweka nyundo chini. Unaijua kanuni yetu: ni pigo la tatu linaloondoka na mali, na kabla ya hapo hakijauzwa kitu, hata watu wapige kelele namna gani. Wanunuzi walinuna, lakini kochi liko sebuleni.

Nije kwenye jambo lililonikalisha chini. Juzi tulikuwa harusini, watu wakaanza kutaja watoto wao. Huyu mhandisi, yule yuko benki. Zamu yangu ilipofika nikasema mpwa wangu anafuga virusi. Meza nzima ikasogeza viti. Mzee mmoja akauliza vinafaa nini, na mimi, Nyundo, niliyewahi kumuuzia kinyozi kioo chenye ufa na akanishukuru, nikakosa jibu.

Kwa hiyo nieleze kazi yako kama bidhaa. Kitu chenyewe ni nini, kinafanya nini, na kwa nini mtu mwenye akili timamu akilipie. Maneno yako marefu kama treni yaache hukohuko.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu inakula maneno, na barua ina heshima yake. Halafu nina mafua yaliyoniganda tangu mwaka uanze. Jumamosi ilibidi nimwachie Filimbi anadi nusu ya vitu vyangu. Unamkumbuka Filimbi, dalali mwenzangu wa upande wa pili wa uwanja, mwenye sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Alilinadi kabati langu kana kwamba analiomba radhi.

Mjomba wako,
Nyundo


2 Machi

Mjomba Nyundo,

Shikamoo, na pole kwa mafua. Mimi mzima. Nimehamia chumba chenye dirisha linalotazama dirisha la mama mmoja mpiga pasi, ambaye sasa anazijua nguo zangu kuliko mimi. Mwambie mama goti alitie barafu, na ushauri wowote utakaompa wewe aukatae.

Umetaka nikuuzie kirusi. Sawa. Kirusi ni dalali.

Usikunje uso, endelea kusoma. Dalali hana kiwanda, hana shamba, hana hata stoo. Anaingia kwenye ukumbi wa watu na karatasi moja mkononi, na baada ya muda kila mtu mle ndani anamfanyia kazi yeye. Kirusi ninachokifuga ni hivyohivyo. Ni karatasi ya maagizo iliyofungwa ndani ya ganda, basi. Hakili, hakipumui, hakiwezi hata kujinakili. Kinapenya kwenye kijeraha kidogo cha ngozi au cha koo, kinaingia ndani ya seli, na huko kinakuta kila kitu kiko tayari: mashine za kunakili, mafundi wa kutengeneza protini, nguvu za bure. Kinachomeka karatasi yake kati ya karatasi za mwenye nyumba, na mafundi, ambao hawana desturi ya kuuliza maswali, wanaanza kuinakili.

Shida yake ni moja. Seli ikishakomaa hufunga karakana. Mashine za kunakili huzimwa. Kirusi kinataka zingurume. Kwa hiyo kinakuja na vibarua wawili. Wa kwanza anamkamata mlinzi wa lango, yule anayeizuia seli isigawanyike ovyo, na kumfunga mikono. Wa pili anamwendea mkaguzi, yule ambaye akiona seli imeharibika huiamuru ijiue, na kumtupa jalalani. Baada ya hapo karakana haifungwi tena, na hapo ndipo saratani inapoweza kuanzia.

Sasa kwa nini mtu alipie? Kwa sababu mkaguzi huyo hatukumjua kabisa. Watu walikuwa wakichunguza kirusi kimoja cha nyani, wakamkuta kibarua wake kang'ang'ania protini ya seli ambayo haikuwa hata na jina. Wakajiuliza huyu anashikwa kwa nini. Miaka ikapita ndipo wakaelewa: alishikwa kwa sababu kazi yake ni kuzuia saratani. Na wakagundua kwamba katika saratani nyingi, hata zile ambazo hazijawahi kuonana na kirusi, mkaguzi huyohuyo ndiye aliyeharibika. Tunamfuata mwizi, mjomba, maana ameichunguza nyumba kuliko sisi tunaoishi ndani yake. Hilo unaweza kulisema harusini.

Nami nikuulize. Tangu lini ukamwachia mtu kabati lako? Ulipovunjika mguu ulinadi umebebwa. Na nimepiga simu mara kadhaa. Kila nikipiga anapokea mkaza mjomba na kusema uko bafuni. Hakuna binadamu msafi kiasi hicho.

Mpwa wako


28 Machi

Kwa mpwa asiye na adabu,

Salamu zako nimezipokea, matusi yako pia. Mama yako ametia barafu kwenye goti na sasa ana goti na mafua. Mke wangu anakusalimu na kusema ule vizuri. Paa la jikoni limeanza kuvuja, nimeweka ndoo, na ndoo yenyewe ni ya mnadani.

Nilikasirika kuitwa kirusi, kisha nikaona kuna biashara. Jumamosi nilikuwa na mashine ya fotokopi iliyotoka shule moja iliyofungwa, mzigo mkubwa usiotakiwa na mtu. Nikawaambia watu: mashine hii haiulizi karatasi ni ya nani. Mtihani, hati ya nyumba, barua ya mapenzi, yote inanakili, haina dini wala kabila, na hivyo ndivyo mwili wako ulivyo, anasema mpwa wangu msomi. Walioelewa hawakununua, ila aliyenunua alicheka sana. Nilimwambia Filimbi maneno hayo, akayasema yeye. Mafua bado.

Kuna jambo dogo. Filimbi ana uvimbe shingoni, chini ya taya, upande wa kushoto. Ni kama gololi, hauumi, ila unakua. Ameona haya kukuuliza mwenyewe, nami nimemuahidi siri. Maji yanamkwama. Koo linamuuma mpaka ndani ya sikio, na akilalia upande ule anaamka kama amemeza kokoto. Muuza dawa amempa vidonge vya kila rangi. Havuti sigara wala hanywi, kwa hiyo hakiwezi kuwa kitu kibaya, mimi nimeshamwambia hivyo. Wewe waonaje? Hakuna haraka.

Nyundo


15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini paa limeziba na mama ameachana na barafu. Mimi nimeshinda wiki hii nikigombana na jokofu la maabara, ambalo huzima likijisikia, na mkuu wetu anasema tuvumilie kwa sababu ni jokofu lenye historia.

Nimesoma habari za shingo ya Filimbi kwa makini. Nimeguswa na urafiki wenu. Mwaka jana uliniambia mtu huyo humwamini hata akikutajia saa, na leo unajua analalia upande gani.

Basi mfikishie Filimbi maneno haya, neno kwa neno, na umtazame usoni ukiwa mbele ya kioo.

Vidonge aviache. Uvimbe wa shingo unaokua bila kuuma kwa miezi haumhusu muuza dawa. Aende hospitali kubwa, kwa daktari wa koo. Atamulikwa nyuma ya ulimi, atachomwa sindano nyembamba kwenye uvimbe, na kinachotoka kitapelekwa kwa watu kama mimi. Hilo la kutovuta sigara nalifurahia, lakini halimtoi kwenye hatari. Saratani ya koo ina milango miwili. Moshi ni mmoja. Wa pili ni dalali wangu.

Filimbi atataka kujua alikipata wapi. Mjomba, naandika kama mtu wa maabara na wewe usome kama mtu mzima: hupatikana kitandani. Watu wazima karibu wote wamewahi kukutana nacho, na wengi mwili umekifukuza bila wao kujua. Kwa wachache kinabaki kimejibanza miaka na miaka. Kinaweza kuwa cha kabla ya ndoa, cha enzi za ujana na suruali pana. Hakuna kipimo kinachoweza kusema ni nani wala lini. Kwa hiyo asimwangalie mkewe kwa jicho baya, na mkewe asimwangalie hivyo.

Jambo la kuchekesha, kama Filimbi ana nafasi ya kucheka, ni kwamba saratani haikifaidishi hata kirusi chenyewe. Mara nyingi karatasi yake huwa imekatika na kunasa katikati ya maandishi ya seli, haiwezi tena kutoka kwenda kwa mtu mwingine. Mwenye mnada ameshaondoka, vibarua wake wamebaki wanagonga nyundo, na hakuna aliyewaambia waache. Kuna heri moja: aina hii husikia mionzi kuliko ile ya moshi, ikiwahiwa. Neno kubwa hapo ni la mwisho.

Nimeheshimu siri ya Filimbi, sijampigia mtu simu kuhusu shingo yake. Lakini heshima yangu ina mwisho, na naona unakaribia.

Mpwa wako


22 Mei

Mpwa wangu,

Utanisamehe nimekawia. Salamu ni zilezile. Paa limezibwa na Filimbi, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Barua yako ilifika nikiwa uwanjani. Katika nyumba hii barua hufunguliwa na aliye karibu nayo. Mke wangu aliisoma yote, ile aya ya kitandani akaisoma mara mbili. Hakunisubiri. Alivaa viatu vya kutokea, akakusanya wanawake wa mtaa mzima, wakaenda kumpa pole mke wa Filimbi.

Walimkuta mgonjwa yuko juu ya paa lake anapigilia bati. Wakaangua kilio. Mkewe alipoambiwa ni saratani ya koo akaanguka chini. Alipoambiwa inavyopatikana akasimama tena, safari hii na mwiko mkononi. Filimbi akakaa juu ya paa mpaka jioni.

Siku zilizofuata uwanja mzima ulijua. Watu waliokuwa wamempa Filimbi vitu vyao anadi wakavihamishia kwangu, wakisema kwa huzuni kwamba mgonjwa apumzike. Sikuvikataa. Ningewaambia nini? Niliweka kola juu na kupokea makabati.

Kisha akaja. Ilikuwa mchana, watu wamejaa, mimi niko jukwaani na kikohozi changu. Alipanda pale juu bila kualikwa akafungua vifungo vya shati. Akawaonyesha watu shingo yake pande zote. Nyembamba, safi, kama ya kuku aliyenyonyolewa. Halafu akanigeukia.

"Yangu wameiona," akasema. "Sasa fungua yako."

Nikafungua kola, na ikaonekana kwamba shingo ya Filimbi nilikuwa nayo mimi.

Nilidhani atacheka, maana mimi ningecheka. Alinifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, akawatangazia watu kwa ile sauti yake kuwa mnada umeahirishwa, akanipakia kwenye gari lake la kubebea makabati tukaenda hospitali. Tulipofika akaniambia nikipona atanipiga.

Daktari wa koo ni binti mdogo tu, ana miwani mikubwa kuliko uso. Alinimulika, akanichoma, akanirudisha baada ya siku kadhaa na kuniambia jina la kitu. Silitaji hapa. Ametaja mionzi kila siku kwa wiki nyingi, na dawa za mshipani juu yake, na anataka nianze sasa. Nimemwambia nitaanza baada ya mnada wa hoteli. Ni ile hoteli ya ghorofa iliyofungwa, vitanda, vioo, mataa, mpaka vitasa vya milango, yote nimepewa mimi ninadi mwishoni mwa Juni. Sijawahi kupewa mzigo kama huo na sitapewa tena. Sauti iliyobaki itanitosha kwa hiyo siku moja.

Wewe ndiye unayemjua dalali huyu. Muulize kama anaweza kusubiri kidogo.

Mjomba wako


3 Juni

Mjomba,

Leo sina salamu.

Hawezi kusubiri. Nimeshakuambia hana mnada, hana kalenda, hajui wewe ni nani. Vibarua wake wanagonga tu. Gololi uliyoniandikia Machi si gololi tena, sina haja ya kuiona. Ile heri niliyokuandikia, ya aina hii kusikia mionzi, inaoza kila siku unayokaa ukihesabu vitasa vya hoteli ya watu.

Sikuwahi kukueleza ninachokilisha huku, kwa sababu tulikuwa tunacheka. Seli zangu zilitolewa kooni mwa mtu. Simjui jina, kwenye chombo ameandikwa herufi na namba. Karatasi zake zinasema alikuwa na umri kama wako. Alikufa zamani. Seli zake hazina habari hiyo. Kila asubuhi nikifungua kabati la joto nakuta zimejaa chombo na zinataka chakula, kwa sababu mkaguzi wao yuko jalalani mpaka leo. Sijui kama mtu huyo naye alikuwa na siku moja aliyoitunzia sauti. Ninachojua ni kwamba nalisha koo lake, na lako sitaki kulilisha.

Hoteli mpe Filimbi. Ndiyo, Filimbi. Atainadi kama anaomba radhi na vitanda vitauzwa vilevile.

Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshapiga simu, mkaza mjomba atakushikia sikioni, na wewe utakimbilia bafuni. Nimeandika ili uikute na huko.

Nakupenda, na nina hasira na wewe ambazo sijawahi kuwa nazo kwa mtu.

Mpwa wako


14 Julai

Kwa Profesa mkali,

Salamu zangu ni za mkono mtupu, mdomo haufanyi kazi. Mama yako anakuja kila siku kunitazama, na kwa mara ya kwanza hataji goti. Hilo limenitisha kuliko daktari.

Nilianza wiki ileile barua yako ilipofika. Wanakulaza kwenye meza, uso wako umefunikwa kinyago cha plastiki chenye matundu. Walikitandaza juu yangu siku ya kwanza kikiwa laini na cha moto, kikaganda kwa sura yangu, pua na yote, na sasa kila siku wananivisha na kunibana nacho mezani nisitikisike. Kisha wanatoka chumbani wote, haraka, kama watu waliovunja sahani. Nikimaliza nitakiomba nikinadi: uso wa Nyundo, umetumika kidogo, haujibu.

Sauti imekwenda. Haikuaga. Mate nayo yamekauka, koo ndani linawaka, na supu napewa kwa kijiko kidogo.

Hoteli nilimpa Filimbi, kwa sharti kwamba nyundo nabaki nayo mimi. Nikakaa pale jukwaani kwenye kiti kama bibi harusi, nyundo mapajani, yeye akinadi. Unajua kilichotokea? Kwa vile hasikiki, watu walinyamaza ili wamsikie. Sijawahi kuona uwanja umetulia namna ile. Kila bei ilipofika mwisho alinitazama, nami nikagonga. Vitanda vilikwenda vyote. Alinadi vizuri, na ukimwambia nimesema hivyo nitakana.

Mke wangu aliniuliza swali moja tu tangu haya yaanze. Aliuliza ni kutoka kwa nani. Nikamwonyesha koo langu kwamba siwezi kusema. Ni mara ya kwanza ugonjwa huu umenifaa kitu. Alicheka mpaka akakaa kwenye kochi lake la kijani, halafu akalia, halafu akaenda kuchemsha supu.

Nyundo


6 Agosti

Mjomba,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa mkaza mjomba, na kwa mama, na kwa Filimbi mzima, shingo na paa.

Kwangu kuna msiba mdogo. Seli zangu zimekufa. Kuvu iliingia kwenye chombo, na imeingia kwa sababu nilikuwa nafungua kabati la joto kwa mkono mmoja na kutazama simu kwa mwingine. Mkuu wetu alinihubiria kuhusu usafi mbele ya watu wote, yeye anayekula mkate juu ya darubini. Nimepewa seli mpya. Ninaanza upya, na sikusikitika kama nilivyopaswa. Nilipomwaga zile za zamani nilimwambia yule mtu wa herufi na namba samahani, kisha nikaona haya, kisha nikanawa mikono.

Niliomba likizo nije. Nimepewa ya Desemba, kana kwamba nimemwomba fundi anishonee kanzu ya harusi.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Nipigie simu. Usiseme chochote, najua huwezi. Nataka tu nijue uko upande wa pili. Tangu Januari sijasikia hata ukikohoa, na mtu akikuzoesha kelele zake miaka yote hii hana haki ya kukuachia karatasi.

Mpwa wako


19 Septemba

Mpwa,

Hatujambo. Mionzi imekwisha, kinyago nimepewa, mke wangu amekikataza sebuleni. Uvimbe siuoni kwa mkono, lakini mkono wangu si daktari. Wiki tatu kuanzia sasa watanipiga picha na kuniambia kama yule dalali ameondoka au amekaa.

Simu sipigi. Kidogo kilichorudi ni mkwaruzo kama wa panya darini. Wewe umenisikia nikinadi tangu ukiwa unabebwa mgongoni. Mtu aliyenisikia vile asinisikie hivi.

Usiniombe tena.

Nyundo


11 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, seli mpya zimekubali chakula, yule mama mpiga pasi amenishonea kifungo kupitia dirishani.

Simu yako ilifika jana. Nilikuwa maabara, nimevaa glavu, nikaipokea kwa kiwiko. Nikasema haloo, kimya. Nikasema mjomba, kimya. Nyuma nilimsikia mkaza mjomba akisema ongea basi, mtoto anangoja, na mtu mwingine mwenye sauti ya mlango akamwambia mwache. Nikajua siku hiyo ndiyo siku ya picha, na kwamba picha mmeshaiona. Nikakaa sakafuni chini ya meza.

Halafu nikasikia nyundo. Pigo moja, juu ya mbao. Sijui ulikuwa unagonga meza gani, lakini ni ile nyundo, ningeijua popote.

Kisha la pili.

Nilijiziba mdomo kwa glavu, jambo ambalo mkuu wetu angenifukuzia kazi. Nikangoja. Nilikusikia unapumua. Ulipumua muda mrefu, kama unavyofanya pale juu ukiwa umeipenda bidhaa na hutaki iondoke. Nikangoja la tatu mpaka simu ikakatika, na halikuja.

Sikupiga tena kuuliza. Nimeelewa: hakijauzwa kitu. Wenzangu walinikuta nalia chini ya meza wakadhani kuvu imerudi.

Nakuja Desemba. Mpaka siku hiyo usiishushe hiyo nyundo, mjomba. Mimi huku mkono wangu bado uko juu.

Mpwa wako